Besi ya Abrahamu

Mwaka ule kila mwenye duka Lushoto alikuwa ghafla na ndugu anayekwenda Dubai. Ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilikuwa imetolewa, mali zilipanda mlima kwa kila basi la kutoka Tanga, na sisi tuliopanga foleni ya sabuni miaka nenda rudi tukajikuta tunabishania rangi za sahani. Mimi nilifungua duka karibu na soko, nikauza redio, tochi, saa za ukutani na wokmeni, vile vinasa vidogo vya kaseti vya kusikiliza kwa hedifoni. Wokmeni zilikuwa za aina mbili. Moja ni ile ya Kijapani inayojulikana dunia nzima, ambayo wateja wangu waliiita Mjapani basi. Nyingine ilifanana nayo ukiitazama kwa mbali, bei yake nafuu sana, kwao hakujulikani, na kwa kuwa ilipitia Dubai tukaiita Mdubai.

Sikuwa mfanyabiashara mzuri, maana sipendi kudanganya, na wanaopenda kudanganywa siwapendi zaidi. Kijana akija macho yote kwenye Mdubai, nilimfanyia mtihani papo hapo. Kaseti ileile naiweka kwa huyu, kisha kwa yule. Mjapani namtikisa, namgeuza juu chini, namwambia mteja aruke naye pale mlangoni, na wimbo hautetereki. Mdubai ukimtikisa kidogo tu, mwimbaji anaanza kulewa. Mjapani ana kitufe cha kurudisha nyuma. Mdubai hana, utarudisha kwa kalamu kama unakoroga uji. Tena Mdubai anamaliza betri upesi, na betri zikichoka anatafuna utepe. Nikimaliza nasema rahisi ghali, na kijana ananunua Mdubai.

Siku moja ya soko akaja shemeji yangu Rahabu kutoka Mgwashi, yeye na binti yake Yusta. Rahabu ni mjane wa kaka yangu Abrahamu. Kaka alifia Shume alikokwenda kukata mbao, mti ukageukia upande aliosimama yeye, na Yusta wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nilimwamkia shikamoo, kwa kuwa mke wa kaka ni mkubwa wangu hata kama umri wetu ni mmoja, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti cha wateja na kunipa habari za mashamba na wagonjwa wote wa Mgwashi kabla ya kutoa kilichomleta. Watu wetu hawaanzi na shida.

Kilichomleta kilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, kimezungushiwa kitambaa cha kichwa. Ilikuwa kaseti. Kwaya ya mtaa wao iliirekodi miaka ile ya uhaba, ikijiandaa kwa mashindano, kwa redio ya mwalimu wa kwaya. Baadaye mwalimu akahamishwa, akaondoka na redio pamoja na kaseti. Sasa alikuwa amestaafu na kurudi kwao, na katika kufungua masanduku akaikuta, akampelekea mjane. Katika kaseti hiyo Abrahamu anaanzisha wimbo peke yake, kwa besi, kabla wenzake hawajaingia.

Niseme kidogo juu ya besi hiyo. Kaka yangu akiimba, ukiweka kiganja kwenye ubao wa benchi la kanisa uliusikia unatetemeka. Watoto tulikuwa tunashindana kukaa benchi lake kwa ajili hiyo tu. Mimi, wa baba huyohuyo na mama huyohuyo, nilipewa sauti ya jogoo anayejifunza, na wivu huo sikuuficha hata siku moja.

Rahabu alieleza kwamba Yusta angepata kipaimara mwezi uliofuata, na alitaka kabla ya siku hiyo mtoto awe amemsikia baba yake. Picha ya Abrahamu waliyo nayo ni moja, ndogo, ya kitambulisho, na panya alishakula kidevu. Yusta alikuwa akitazama saa za ukutani. Mama yake akainama karibu na kaunta ili binti asisikie.

"Na mimi mwenyewe nimeanza kumpoteza, baba Danieli," aliniambia. "Nakumbuka kwamba sauti ilikuwa nzito. Nakumbuka kama mtu anayekumbuka habari aliyosimuliwa. Siisikii tena."

Nikamtoa Mjapani, mpya, na betri mpya. Kwa ajili ya kaka yangu singetoa kingine. Nikamvalisha Yusta hedifoni, kwa sababu shughuli ilikuwa yake, nikabonyeza. Msichana alikunja uso kwanza, halafu machozi yakamjaa machoni. Alituambia anachosikia huku akikisikia: watu wanaburuza viti, mtoto mchanga analia, na mwanamume anasema, Rahabu, mtulize mtoto, tunaanza. Akauliza kama mtoto yule ni yeye. Mama yake akasema ni yeye, hakukuwa na mtoto mwingine pale. Yusta akasikiliza wimbo mpaka mwisho, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, na safari hii alikuwa akiufuatisha kwa midomo. Alipovua hedifoni alisema hakujua baba alikuwa na sauti nzuri hivyo.

Rahabu akavaa. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akilia, hata kitambaa nilishakitafuta. Hakulia. Alisikiliza kidogo, akavua taratibu, akaiweka hedifoni juu ya kaunta.

"Huyu si Abrahamu," alisema.

Nikasikiliza mwenyewe. Lo, Mjapani alifanya kazi yake: kila pumzi ilisikika, hata jogoo wa nje. Lakini aliyekuwa akiimba alikuwa kijana mwembamba wa sauti, mwenye haraka, kama ana basi la kuwahi. Maneno ni ya kaka, kukohoa ni kwa kaka, na jina la Rahabu analitamka kama kaka alivyolitamka. Sauti si yake. Na mimi nilikuwa nimeingoja, na nilikuwa sijajua ni kwa kiasi gani.

Basi nikakasirika, maana ndivyo ninavyofanya nikiumia. Nilimwambia shemeji kwamba mashine haiwezi kukosea. Dunia nzima inaiamini hii, wazungu wanaokwenda Irente kutazama mandhari wanayo masikioni, na labda kumbukumbu yake ndiyo iliyoongeza uzito miaka yote hii, kama watu wanavyoongeza urefu wa marehemu. Nilisema mengi. Rahabu aliningoja nimalize.

"Dunia nzima haikuwa mke wake," alisema.

Nikamchukua Mdubai, ili nimwonyeshe kwamba huyo ni mbaya zaidi, na kweli alikuwa mbaya zaidi: kijana yuleyule mwembamba, sasa anaimba kwenye mvua. Rahabu akatikisa kichwa. Kisha akatazama betri mpya mkononi mwangu kwa muda, akacheka kicheko kidogo kisicho na furaha, akasema siku ile tungezipata wapi betri kama hizi.

Nikamuuliza siku ipi. Akasema siku ya kurekodi. Betri hazikuwepo Mgwashi wala Bumbuli nzima, labda kwa magendo. Mwalimu wa kwaya alizianika betri zake juu ya bati la kanisa tangu asubuhi, kama tulivyofanya wote miaka ile, mtu anaanika betri kama anavyoanika mahindi. Jua lilipozipa nguvu kidogo wakazikimbiza ndani zikiwa bado za moto, na mwalimu akawahimiza waimbe kabla hazijazimia tena. Abrahamu akatania kwamba hata betri ikifa yeye ataendelea.

Hapo nikaelewa, na nikakaa chini. Redio ile ilikuwa inavuta utepe kwa uchovu. Iliinasa sauti ya kaka huku ikitambaa, na sasa mashine yenye afya inaupitisha utepe uleule mbiombio, na sauti nzito inakuwa nyembamba. Mjapani hakukosea. Alikuwa anausoma kwa usahihi utepe uliorekodiwa kwa makosa, na usahihi wake ndio uliotunyang'anya mtu.

Nilikuwa na ndoo ya betri chakavu nyuma ya duka. Nikachagua mbili zilizobakiwa na uhai kidogo, nikazianika kizingitini mpaka zikapata moto, nikazitia kwenye Mjapani. Mjapani ni kama karani wa serikali: ama anafanya kazi kwa utaratibu uleule, ama anafunga ofisi. Alifunga ofisi. Nikazihamishia kwa Mdubai. Mdubai hana utaratibu wa kuvunja. Akaanza kujikokota.

Nilisikia viti vikiburuzwa. Nilisikia mtoto akilia kwa sauti ya mtoto hasa, si ya paka. Kisha kaka yangu akasema, Rahabu, mtulize mtoto, tunaanza, na akaanza, na kiganja changu chenyewe kikaenda kwenye ubao wa kaunta. Nililia mbele ya wateja. Sikujali, na bado sijali.

Nilipomvalisha Rahabu alifumba macho na kushika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa wa mwanamke niliyemwona siku ya harusi yao, na nilitazama pembeni kwa sababu haikuwa halali yangu kuuona.

Halafu akamwita Yusta, akamvalisha kwa mikono yake. Msichana alisikiliza kwa adabu. Alitutazama mimi na mama yake, akatutazama tena, kama mtu aliyepewa chakula asichokijua nyumbani kwa watu. Alipovua aliuliza huyu ni nani. Mama yake akamwambia ndiye baba yako, yule wa kwanza ni betri tu. Nikaongeza maelezo yangu ya utepe na jua na bati la kanisa, na mtoto akaitikia kila neno, ndiyo baba mdogo, ndiyo baba mdogo. Mama yake alipotoka kwenda kununua chumvi ndipo aliponiambia la moyoni.

"Mimi nampenda yule wa kwanza," alisema. "Huyu ananitisha. Anaimba kama mtu anayezama."

Nilimwambia atamzoea. Mama yake sikumwambia.

Nilitaka kuwapa Mjapani, zawadi ya kipaimara kutoka kwa baba mdogo. Rahabu alikataa, akamchagua Mdubai. Nikamweleza kwamba mashine ile ikiwa na betri chovu inatafuna utepe, tena bila kupiga hodi. Nikamsihi aniachie kaseti niipeleke Tanga kwa mtu mwenye redio ya kaseti mbili, ainakili. Alilirudisha kopo kifuani. Alisema kaseti ile ilikaa kwa watu wakati mtoto anakua bila baba, na haitoki tena mikononi mwake. Ungeliona lile kopo lilivyoshikwa, usingebishana naye. Nilimfungia Mdubai pamoja na betri chakavu, nikamwelekeza asisikilize mara kwa mara, na wakaenda stendi.

Alisikiliza mara kwa mara. Hilo nililijua nilipopanda Mgwashi kwa ajili ya kipaimara. Mvua zilikuwa zimekaza wiki hizo, ukungu umelala juu ya migomba mpaka mchana, na jua la kuanikia betri lilikuwa halionekani. Nilizikuta betri zangu zimepangwa kwenye kichanja juu ya jiko, kati ya mahindi ya mbegu na samaki mkavu, zinakaushwa kwa moshi. Rahabu alinieleza kwa furaha kwamba sasa Abrahamu alikuwa amekuwa mzito zaidi, karibu kama alivyokuwa akiamka asubuhi. Nikaona hatari, kwani betri zilikuwa zinakufa na yeye alikuwa akikisikia kifo chao kama kurudi kwa mume. Nilikuwa nimebeba betri mpya mfukoni. Nilipozitoa alizisukuma nyuma kwa upole, akasema hizo zinamleta yule mwingine.

Kipaimara kilikwenda vizuri. Yusta alivaa nyeupe, akajibu maswali ya mchungaji bila kukwama, akawekewa mikono. Kwaya iliimba, na besi zilikuwepo, vijana wenye bidii. Niliweka kiganja kwenye benchi kwa mazoea ya utotoni, nikakiondoa.

Baada ya chakula, wageni walipokuwa wakiaga, Rahabu alimkalisha binti yake kwenye benchi la ukumbini. Akalileta kopo. Alisema leo umekuwa mtu mzima, leo utamsikia baba yako na utamwelewa. Yusta alinitazama mara moja, kisha akainamisha kichwa avalishwe. Nilitaka kusema subirini, nibadilishe betri. Lakini ni nani angemwambia mwanamke yule, siku ile, asubiri tena?

Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia kwa mbali kinachovuja kwenye hedifoni. Viti. Mtoto. Jina la Rahabu, refu, linavutwa. Kisha besi ikaanza, ikashuka, ikaendelea kushuka mahali ambapo hakuna koo la binadamu, ikawa mlio wa mnyama, ikakatika. Yusta alivua hedifoni kwa mikono miwili na kuirudisha kwa mama yake kama mtu aliyevunja sahani ya watu. Alisema hakugusa kitu.

Nilifungua kifuniko. Utepe ulikuwa umejizungusha kwenye kigurudumu, umekunjamana, umelowa jasho la moshi wa jikoni. Nikautoa kwa njiti ya kibiriti, taratibu, sijawahi kufanya kazi taratibu namna ile. Ulitoka vipande vipande mapajani mwangu. Kaseti ilibaki na sehemu ya mwisho ya wimbo, kwaya nzima ikiimba pamoja. Viti, mtoto, jina na yale aliyoimba Abrahamu peke yake ndivyo vilivyokuwa mapajani mwangu, na vingine vilikatika nikivishika.

Rahabu hakupiga kelele. Alivikusanya vipande kimoja kimoja, akavitia kwenye kopo, akalifunika. Akakaa kwenye benchi karibu na binti yake. Mvua ikaanza tena juu ya bati.

Yusta ndiye aliyeanza kusema. Alimwomba mama yake amwimbie yeye, kama baba alivyoimba, ili aushike wimbo. Rahabu akakubali. Yeye ni soprano tangu usichana. Alishuka mpaka mwisho wa sauti yake, akajaribu kwenda chini zaidi, ikatoka pumzi tupu. Akaanza upya, ikawa vilevile. Akanitazama mimi, ndugu wa marehemu. Nikafungua mdomo kujaribu, nikajua kitakachotoka, nikaufunga. Rahabu alishika koo.

"Imenitoka," alisema. "Nilikuwa nayo asubuhi."

Basi Yusta akaimba. Aliimba kile alichokipenda tangu siku ile dukani, sauti nyembamba, safi, yenye haraka kidogo, akikohoa kwanza kama baba yake alivyokohoa. Aliimba vizuri sana. Alikuwa ameushika wimbo wote, kila pumzi, kama Mjapani alivyomfundisha. Alipofika katikati alisita, akamtazama mama yake.

"Mama, alikuwa anaimba hivi?"

Nilimwona Rahabu akilitazama kopo mapajani. Tulikuwa wawili tu pale tuliolijua jibu, na mmoja alikuwa ameshasema limemtoka. Aliniangalia kwa jicho la kuniambia ninyamaze, mimi ambaye sipendi kudanganya.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Hivyo hivyo. Ndivyo baba yako alivyoimba."

Uso wa mtoto ukafunguka, akaendelea. Sikusema neno. Rahabu alisikiliza mpaka ubeti wa mwisho, kiganja chake akiwa amekilaza kwenye ubao wa benchi, na ubao haukutetemeka.